Kinanda Kilichompisha Mwimbaji

Diploma yangu ya muziki imetundikwa sebuleni, mahali ambapo mgeni anaiona kabla hajaketi. Wapo watu wanaoficha vitu kama hivyo kabatini na kusema ni unyenyekevu. Mimi niliosha sahani Ubelgiji miaka mingi, mchana mikono ikichubuka kwa sabuni, jioni mikono hiyohiyo ikijifunza piano. Sikuwa na mjomba serikalini wala padri wa kuniombea nafasi. Kwa hiyo karatasi ile inakaa ukutani. Niliporudi Bujumbura na kujenga nyumba Kigobe, fundi wa rangi aliniuliza ukuta ule nitauwekea picha gani. Nikamwambia picha ninayo.

Nayasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba ninapowashukuru watu walionisaidia kuchagua kinanda, siwashukuru kwa sababu sikujua kazi yangu. Niliijua, na naijua. Ila kuna mambo ambayo hata mtu hodari huyasikia vizuri zaidi akiwa amesimama upande wa pili wa barabara.

Mambo yalianza kwa meneja wa hoteli moja kando ya ziwa. Hoteli yake iliwahi kuwa na piano ya kweli, ya mbao, mpaka unyevu na mchwa walipoimaliza. Wageni wa zamani bado walikuwa wakiiulizia kama mtu anavyoulizia jamaa aliyefariki. Meneja alitaka watu wawili tu, wa kuimba na wa kupiga piano, kila Jumamosi na Jumapili alasiri. Akanipigia mimi, maana nilikuwa nimekwisha kumweleza nilikosomea. Kinanda cha umeme alikikubali kwa shingo upande, akaweka sharti.

“Sitaki kile cha harusi, cha tiki-tiki,” alisema. “Nataka mutu akifunga macho ajue piano yetu imerudi.”

Jumamosi moja tungepimwa. Tukipendeza, kazi ni yetu. Tusipopendeza, kulikuwa na mpiga saksafoni aliyekuwa anangoja zamu yake.

Mwimbaji nilimjua tayari. Alikuwa mama mmoja kutoka Uvira, aliyekuwa akiimba katika kwaya ya kanisa moja la Kanyosha. Sauti yake ni ya chini, nzito, yenye joto; ukimsikia bila kumwona unadhani ni kijana wa kiume anayeimba taratibu. Aliishi Nyakabiga kwa wifi yake, kwa kuwa kaka yake mwenyewe alikuwa ameenda Zambia kutafuta maisha. Alilala sebuleni. Na kwa kuwa wifi aliuzia vitenge sebuleni humo, kila alfajiri ilimbidi kukunja godoro lake na kulisimamisha nyuma ya kabati kabla wateja hawajaanza kubisha. Sikuwahi kumsikia akimlaumu wifi, na mimi pia sina la kumlaumu. Alimpokea wakati wengine walifunga milango. Lakini mama yule alitaka chumba chake. Alikuwa amekiona Kanyosha, na mwenye nyumba alikubali kumngojea, mradi apate kazi ya kudumu.

Nilipomweleza habari za hoteli alisema, “Mwarimu, mi niko na sauti tu. Hiyo ingine yote ni yako.”

Kinanda nilichokuja nacho kutoka Ulaya nilikuwa nimekitoa zawadi kwa parokia iliyonibatiza, na sijutii. Basi tukaenda pamoja Buyenzi, kwenye duka lililobanwa katikati ya gereji. Mwenye duka ni Mwislamu wa mji, mtu wa makamo, ambaye babu yake alifungua biashara mtaa huohuo. Anauza nyuzi za gitaa, matari, spika zilizotumika, na vinanda vinavyotoka Dubai na Ulaya. Alikuwa na vitatu ambavyo vilistahili kutazamwa. Kimoja kikubwa, kipya, vibonyezo vizito kama vya piano yenyewe. Cha pili chepesi, kile kinachobebwa na bendi zote za harusi. Cha tatu kilikuwa kimetumika, kimekwaruzwa ubavuni, nacho vibonyezo vyake vilikuwa vizito.

Nilivaa kaske, vile vipokea sauti vinavyoziba masikio, nikaanza kazi. Niliwaeleza wote wawili ninachokitafuta, na nilieleza vizuri. Unabonyeza noti moja ya chini kabisa, unaishikilia, unasikiliza inavyokufa. Piano ya kweli inakufa polepole, ikififia kama mtu anayeondoka huku anaongea. Kinanda cha uongo kinajirudia palepale kama feni. Halafu unagusa kibonyezo kwa upole, kisha kwa nguvu. Kisipunguze na kuongeza sauti tu. Rangi yenyewe ya sauti ibadilike. Mwisho unakanyaga pedali, unamwaga noti nyingi, na kuangalia kama zile za kwanza zinamezwa.

Kinanda kikubwa kilishinda yote. Ukiachia pedali ulisikia hata kile kitambaa kinene kikizituliza nyuzi, nyuzi ambazo hazimo. Nilimvisha mama kaske. Alifumba macho, akatabasamu, akasema hii ni ile ya katedrali. Nikamwambia mwenye duka akifunge nikichukue.

“Apana,” alisema. “Hapa hakuna mutu anauziwa na kaske.”

Nilidhani anatania. Hakutania. Tangu baba yake alipokuwa akiuza redio, desturi ya duka lile ni moja: chombo kinatolewa mlangoni, mwenye duka anakipiga, na mnunuzi anavuka barabara. Akiwa upande wa pili ndipo anasema nataka au sitaki. Nilimweleza kwamba nimefanya mitihani ya masikio Ulaya na walimu walinivulia kofia. Akaniambia hongera, na akaniomba nivuke.

Tuliweka spika juu ya kiti, mlangoni. Mwenye duka alijua kupiga akordi za kutosha kumsindikiza mtu, alizozizoea kwa kuonyesha vinanda miaka yote hiyo. Mama akasimama kando yake na kuanza wimbo wake wa polepole. Nikavuka, nikajikuta katikati ya mafundi wa magari, injini zikiwa chini na misumari kila mahali. Fundi mmoja alikuwa amelala chini ya teksi, miguu tu ikionekana.

“Mzee, unatafuta karbireta?” aliuliza.

Nikamjibu nimekuja kusikiliza piano.

“Piano tunaisikia. Ule mwenye kuimba ndiye anatafuna hewa.”

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimesikia kitu hichohicho kabla hajamaliza kusema. Piano ilijaa mtaa mzima, nzuri kabisa, na ndani yake mama yule alikuwa anafungua na kufunga kinywa. Maneno hayakufika. Palepale elimu yangu ikafanya kazi yake. Sauti yake inakaa chini, kwenye eneo lilelile ambalo watengenezaji wa kile kinanda walilimwagia uzito wote wa mbao. Kwenye kaske hutambui, kwa sababu piano inagawanywa, nusu sikio la kulia na nusu la kushoto, katikati panabaki wazi. Kwenye spika moja vyote vinamiminwa mahali pamoja. Na hoteli ile, kama hoteli zetu nyingi, spika zake zote zilipokea sauti ileile moja kutoka waya mmoja.

Nilipunga mkono kumwambia mwenye duka abadilishe.

Kinanda cha harusi kilimwacha mama asikike vizuri, ila piano yake ililia kama vijiko kwenye sinia. Mafundi walianza kucheza, mmoja akiwa na spana mkononi, na nikajua meneja angetufukuza kabla ya wimbo wa pili.

Kikaja kile kilichotumika. Kwenye kaske nilikuwa nimekipita haraka, nikikiona kikavu, hakina mapambo. Sasa nilisikia mbao, nilisikia nyundo ndogo ikigonga uzi, na juu yake, pametulia, sauti ya mama neno kwa neno. Piano ilikuwa imempisha apite. Miguu chini ya teksi ilisogea, fundi akatoka mzima mzima, uso umejaa oili, akatazama ng’ambo.

“Kumbe ni mwanamuke,” alisema. Kisha akaweka mikono mdomoni na kumwita kama dada yake mkubwa: “Yaya! Rudiliya hapo pa mwisho!”

Mama akarudia, na safari hii hakuna aliyegonga chuma.

Nikarudi dukani. Mwenye duka alichomoa waya wa kila kinanda na kuurudisha, akisema ninajua umeme wetu unavyokatika. Kile kilichotumika kiliamka papo hapo kikiwa tayari kwenye sauti ya piano. Kile kikubwa kilichukua muda wake, kikionyesha maandishi ya kukaribisha, huku sote tukikisubiri.

Sitasema kwamba uamuzi ulikuwa rahisi. Kinanda kikubwa nilikuwa na uwezo nacho, na nilikitamani. Kwa kinanda kile hoteli nzima ingenisikia mimi, kidole kwa kidole, na ninastahili kusikika. Mama hakunishinikiza. Alikaa kwenye kibenchi cha mlangoni akitazama barabara, mikono kwenye mapaja, kama mtu aliye kwenye foleni ya hospitali. Nilichukua kilichotumika. Nyumbani nilikipunguzia sauti za chini kidogo, nikazoeza mkono wangu wa kushoto kucheza kwa wepesi pale mama anaposhuka, kazi ambayo wapigaji wengi wa mji huu hawajui kwamba ipo. Mwenye duka namshukuru mpaka leo. Angeweza kuniuzia kile cha gharama, nikaondoka nikimshukuru vilevile.

Jumamosi ilipofika wifi alikuja naye hotelini. Alikuwa amemfunga kitenge kipya kutoka kwenye mafungu yake ya kuuza, na kichwani akamzungushia kilemba mwenyewe, akirudi nyuma kumwangalia, akikifungua, akikifunga tena. “Usilie ukiimba,” alimwambia, “kitaloa, na mi nitakiuza kwa nani?”

Tukaanza. Moshi wa mishikaki ulikuwa ukielea juu ya meza, watoto walikuwa wakiruka kwenye bwawa, watu waliongea kama watu wanavyoongea siku ya mapumziko. Meneja alisimama kaunta akiwa ametugeuzia mgongo. Katika wimbo wa pili mzee mmoja alimwita mhudumu na kumwuliza piano wameificha wapi. Mhudumu akamwonyesha. Mzee hakukubali. Aliinuka na fimbo yake, akazunguka nyuma yangu, akatazama chini ya meza niliyowekea kinanda, akanitazama mimi, akarudi kukaa. Nilipiga vizuri sana siku ile. Sijui neno lingine la kusema.

Lakini macho ya mama hayakuwa kwa mzee. Yalikuwa kwenye mgongo wa meneja, na ule mgongo haukugeuka. Wimbo wa tatu ukapita. Wa nne akauchagua mwenyewe, ule wa polepole, na akauimba chini zaidi kuliko tulivyofanya mazoezi. Mkono wangu wa kushoto ukaenda pembeni kumpisha. Meneja akatoka kaunta bila kututazama, akaingia jikoni. Niliona mabega ya mama yakishuka. Hakusimamisha wimbo, na hakuna mtu mezani aliyegundua. Mimi niliyekuwa karibu ndiye niliyegundua, na ninamheshimu kwa hilo kuliko maprofesa wangu wengi.

Tulipomaliza meneja alitoka jikoni na kuja moja kwa moja kwetu. Nilitayarisha maneno kuhusu piano, maana nilitarajia ataisifu. Hakuitaja.

“Mama,” alisema, “nimeenda kusimama mpaka kwenye jiko, nyuma ya mafriji, nione kama utapotea. Kila neno nimelisikia. Wapishi wameacha kukatakata.” Halafu akanigeukia. “Kesho mukuje tena. Na Jumamosi na Jumapili zote.”

Mama alisema merci, kisha murakoze, kisha aksanti, kama aliyekuwa anatafuta ni ipi inayotosha. Wifi alikuwa amekaa na soda yake meza ya mwisho. Alitazama midomo yetu kwa mbali, akaelewa, akaanza kupangusa macho kwa ncha ya kitenge chake mwenyewe.

Kile chumba cha Kanyosha kina dirisha dogo na mlango wa bati uliopakwa rangi ya bluu. Siku aliyohamia nilimbebea godoro kwa gari langu. Nililiingiza, nikalilaza sakafuni, na mama akaliangalia lilivyolala pale mchana kweupe bila mtu wa kulikunja. Nilikuwa nimeanza kutafuta mahali pa kukaa aliponizuia.

“Apana, mwarimu. Toka inje kwanza. Ubishe.”

Nilitoka. Akafunga, akageuza ufunguo. Jirani mmoja aliyekuwa anaanika nguo alinitazama, mtu mzima niliyevaa koti, nimesimama mbele ya mlango uliofungwa. Nikabisha. Nikabisha tena, na ndani nikasikia viatu vikitembea bila haraka yoyote, vikifika mlangoni, vikisimama.

“Nani huyo?” aliuliza.