Godoro la Daraja la Kwanza

Mama anayekusanya michango ya nyumba ya wasio na makazi hapa Arua hulamba kidole gumba kwanza, ndipo afungue kitabu cha risiti. Sauti yake huingia dukani kabla yake. Huwaambia wafanyabiashara kwamba wakiipeleka risiti ofisi ya kodi watapunguziwa, na hapo huinama na kunong'ona kana kwamba anatoa siri ya ndoa. Juzi Papa Emile, muuza magodoro kutoka Kongo, alitoa godoro moja jembamba na kutaka risiti iandikwe "daraja la kwanza." Mama hakubishana. Alivua viatu, akalitandaza katikati ya duka, akalala chali na kufumba macho. Sisi wateja tukawa tunamzunguka.

"Papa Emile," akasema akiinuka na kushika kiuno, "hii iko mkeka. Kule kwetu iko mzee Alionzi, nyumba yake ilianguka na mvua. Mutu kama yule akilala hapa, atarudi kulala kwa veranda ya watu."

Emile alipoona tunacheka, akashusha la pili. Mama akalijaribu kwa ubavu wa kulia, kisha wa kushoto, akatikisa kichwa. La tatu lilikuwa nene, bado limo ndani ya nailoni. Mama akalilalia, akakunja mikono kifuani.

Emile akamwinamia, kalamu mkononi. "Mama, sasa utaandika daraja ya kwanza?"

Mama akakoroma. Emile akatugeukia, kidole mdomoni, akaenda kuzima redio ya duka.