Jina Kwenye Injini ya Ndege

Mwezi uliopita, nikisubiri teksi Umbilo Road, katika mji wa ugenini ninakoishi sasa, niliona injini kuukuu ya ndege imewekwa mbele ya karakana kama pambo. Nilisogea kusoma kibao chake. Herufi kubwa zilitaja kiwanda cha magari. Chini, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba kiwanda hicho kiliiunda kwa leseni ya kampuni ya ndege ya nchi nyingine.

Injini kama hiyo baba yangu aliifungua alasiri moja, kwenye uwanja wa ndege wa kwetu Kongo. Ilikuwa likizo, akanichukua kazini. Petroli ilininukia mpaka kooni, na mabati ya paa yalilia kwa joto. Baba hakujua kusoma. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimejua. Kwenye kibao niliona jina lile lile la gari la daktari wa misheni.

"Papa, wamekudanganya!" nilipaza sauti. "Hii haiko ya ndege, iko ya motokari!"

"Iko ya ndege, mwanangu," alisema polepole. "Naijua kwa mikono."

"Kibao kinasema motokari!"

Wenzake walicheka mpaka wakaweka spana chini. "Ee, Fundi Motokari! Kumbe unatupandisha motokari mawinguni?" Jina hilo lilimganda hadi alipostaafu.

Herufi ndogo sikuzisoma. Nilitaka tu watu wazima wanisikie nikisoma.

Kesho yake baba alikwenda kazini bila kuniita, nami nilikuwa nimekwisha kuvaa.