Waliucheka Msiba wa Mama Yangu Sinemani, Sasa Wanataka Niisifu Filamu

Admin, nifiche jina tafadhali, maana wanaoijua sauti yangu ni wengi. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tatu, Mtanzania wa Morogoro, naishi Agincourt hapa Toronto na binti yangu. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee. Siku za mapumziko nina chaneli yangu ndogo, nachambua filamu za Kimalayalam kwa Kiswahili. Msicheke. Wapo watu Tanga, Mombasa na Bujumbura ambao hawatazami mpaka niseme neno.

Filamu hizo nilifundishwa kuzipenda na mwenzangu kazini, nimwite Sheeba, mwenyeji wa Kerala, kule kusini mwa India wanakozungumza Kimalayalam. Ndiye hunitafsiria yale ambayo maandishi ya chini yanayaruka. Huniita chechi, yaani dada mkubwa kwa lugha yao. Nilichowapendea waongozaji wapya wa huko ni kwamba hawana makuu. Nyumba moja, mvua, mama mkwe mwenye kisirani, pampu ya maji imeharibika, na mwisho unajikuta unamlilia mtu aliyekukera tangu mwanzo. Ila wana ugonjwa mmoja, na nimeusema mara nyingi: wakiishiwa vichekesho wanamleta mtu mweusi. Ama auze madawa, ama achekwe. Nilikuwa nawasema, nawakata alama, naendelea na maisha. Sikujua kuna siku huyo mtu atakuwa mimi.

Mama yangu alifariki mwaka juzi. Karatasi zangu za ukaazi zilikuwa hazijatoka, sikuweza kusafiri. Nilimzika kwa simu, nimekaa chini kwenye chumba cha kufulia pale kazini, katikati ya mashuka ya wazee. Binamu yangu aliyeshika simu alikuwa analia, kwa hiyo mimi nikawa naonyeshwa miti na miguu ya watu. Nikapiga kelele, "Geuza simu! Geuza, namtaka mama!" Jeneza lilipoanza kushushwa, mtandao ukakatika. Sheeba ndiye aliyenikuta pale. Alikaa na mimi sakafuni mpaka nikaweza kusimama. Baadaye tukinywa chai nikamsimulia yote, mpaka kelele zangu. Sijawahi kumsimulia mtu mwingine, hata binti yangu.

Mwezi uliopita filamu ya kwanza ya mdogo wake Sheeba, ambaye ni mwongozaji mpya, ikaja kuonyeshwa kwenye ukumbi mmoja wa sinema hapa Scarborough. Sheeba akanialika, nikavaa vizuri, tukakaa katikati. Inamhusu nesi wa Kerala aliyehamia Toronto. Na nitasema kinachoniuma: ni nzuri. Kuna pale nesi anakula wali baridi amesimama, koti bado mwilini, nikasema moyoni huyu kijana ana macho.

Kisha akatokea mama wa Kiafrika, mfanyakazi mwenzake yule nesi. Amekaa kwenye chumba cha kufulia, simu mkononi, anamzika mama yake. Lakini simu inamwonyesha mbuzi. Anapiga kelele ageuziwe simu, mbuzi anasogea kulamba kamera, na yeye analia kwa maneno yasiyo lugha ya mtu yeyote, ilimradi sauti tu. Ukumbi mzima uliangua kicheko. Jamaa nyuma yangu alikuwa anapiga kiti teke kwa raha. Nikageuka kumtazama Sheeba. Naye alikuwa anacheka.

Taa zikawaka, mapumziko. Akanishika mkono amefurahi kabisa. "Chechi, umejiona? Ni wewe yule!"

"Nani alikuruhusu umsimulie mdogo wako?"

"Lakini hakutaja jina lako."

"Kwa hiyo mama yangu ndiye yule mbuzi?"

Akashtuka. Akaniambia nisubiri nusu ya pili, kwamba kwao nusu ya kwanza ni ya kucheka, ya pili ndiyo ya kulia, na yule mama atapewa heshima yake. Heshima! Nikachukua koti langu nikatoka, nikapanda basi nikaenda zangu nyumbani.

Asubuhi mdogo wake akanitumia ujumbe wa sauti. "Chechi, asante sana. Kipande chako ndicho watu wanachokipenda kuliko vyote. Tunasubiri uchambuzi wako, tunataka na Afrika Mashariki watuone." Nilitema mate kwenye sinki. Kipande changu!

Ikabidi nimweleze binti yangu. Akasema, "Mom, just say it's trash."

"Lakini si takataka, mwanangu. Hapo ndipo tatizo lilipo."

"But you didn't even finish it."

Ni kweli. Tangu nianze chaneli nimeapa sichambui filamu ambayo sijaimaliza, na nimewasuta wengi wanaofanya hivyo. Wafuasi wananiuliza kila siku, mama vipi ile mpya ya Toronto? Kazini Sheeba bado ananiwekea kikombe cha chai mezani kama zamani, nami nakimwaga anaona. Nikiiponda bila kuimaliza, atasema nimemwonea mdogo wake, na atakuwa na haki. Nikinyamaza, nitakuwa nimewauza wanaoniamini.

Ndugu zangu, simwogopi tena yule mbuzi. Ninachoogopa ni kwamba nusu ya pili simu itatulia, mtandao hautakatika, na jeneza litashuka mpaka chini. Nitauona mwisho ambao kwa mama yangu mzazi sikuuona, nitalia mbele ya watu wanaotafuna bisi, halafu nitalazimika kuja kuwaambia wafuasi wangu kwamba kijana amefanya kazi nzuri. Nishaurini jamani, nirudi nikaimalize?