Mikono ya Fundi Fidelis

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, kaka yangu Fidelis alilifungua balo zima la mitumba kando ya barabara pale Bombambili, akaanza kuwavalisha wapita njia. Alimvika mzee mmoja koti zito la sufu jua likiwa utosini. Aliimba nyimbo za kwaya, akaruka kutoka neno hili hadi lile, akamwambia kila aliyesimama kwamba karibuni atafungua kiwanda na Songea nzima itavaa bure. Watu walicheka, wakapokea, wakaenda zao. Mkewe Adela alikuwa amesimama mlangoni, khanga ameibana mdomoni, machozi yanamtoka.

Si kwamba Fidelis hakuwa mkarimu. Lakini yeye alikuwa fundi cherehani mpole, mtu wa maneno machache, na yule tuliyemwona barabarani hatukumjua.

Miaka ile ndiyo kwanza biashara zimefunguliwa. Sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni tukaona vitu vimejaa madukani, tukawa tunashangaa kama wageni katika mji wetu wenyewe. Nayakumbuka yale mambo kwa raha, sikufichi. Mitumba ikaingia, washonaji wakapungukiwa wateja, naye Fidelis akaweka balo pembeni ya cherehani yake. Maduka ya dawa ya watu binafsi nayo yakaota kila pembe kama uyoga wa masika.

Kabla ya kiangazi hicho, wakati wa mvua, kaka yangu alikuwa ameanguka chini. Hakuanguka kwa mwili. Alilala akiutazama ukuta. Chakula alikiacha kikapoa. Nikimwambia shikamoo kaka, ile marahaba ilimtoka kwa taabu kama mtu anayeinua gunia la mahindi. Siku moja alimwambia Adela kwamba watoto wangekuwa na heri zaidi bila yeye. Maneno ya namna hiyo, mwanangu, ukiyasikia kwa mtu usiyapuuze. Kaa naye karibu, na utafute msaada siku hiyohiyo.

Majirani walisema amerogwa kwa wivu wa biashara. Wengine walisema ni uvivu tu. Adela, kwa kumpenda mumewe, akaenda kwenye duka la dawa akaeleza kwamba mtu wake ana huzuni, na muuzaji akampa vidonge vya kuondoa sonona, bila cheti cha daktari. Baada ya majuma kadhaa Fidelis akainuka. Akaoga, akala, akarudi kwenye cherehani. Tukamshukuru Mungu. Lakini mtu akiinuka hufika mahali akasimama, na yeye hakusimama, aliendelea kupanda. Akaacha kulala, akanunua asichokihitaji, akagombana na padre kuhusu kwaya, mpaka ikafika siku ya balo.

Baba yetu alikuwa akilima Matogoro. Aliposikia, alishuka na jembe bado begani. Hakuuliza nani karoga. Alimshika Fidelis mkono, akamwomba amsindikize safari, na wao wawili pamoja na Adela wakapanda nyuma ya gari lililokuwa likienda hospitali ya misheni. Mimi nilikuwa bado msichana, nikimsaidia baba shambani, nikawafuata na chakula.

Daktari aliyempokea alikuwa mama wa makamo, Mmatengo. Kwanza alimpa dawa ya kumtuliza, na vile vidonge vya dukani akavisimamisha. Alipoambiwa vilikotoka hakumfokea Adela. Alimwambia kwamba dawa ile ni nzuri kwa mwenye huzuni peke yake, lakini ugonjwa wa Fidelis una pande mbili, kushuka na kupanda, na dawa ya kuinua ikitolewa peke yake inaweza kumrusha mtu wa namna hii juu kupita kiasi. Kila mlango na ufunguo wake.

Baba akauliza kitu gani hasa kimeharibika kichwani mwa mwanawe. Yule mama akasema, "Mzee, ndani ya ubongo kuna chembe nyingi mno, na hazigusani. Kati ya moja na nyingine kuna upenyo mdogo, kama kijito kati ya shamba lako na la jirani. Chembe moja inatoa kemikali, inavuka, ile ya pili inapokea. Ndivyo tunavyofurahi, tunavyohuzunika, tunavyopata usingizi. Kwa mwanao mapokezi hayo yanayumba. Kwa nini yanayumba, hatujui yote, nisikudanganye. Lakini ni ugonjwa wa mwili kama mwingine, na una dawa."

Dawa yenyewe ilikuwa aina ya chumvi itokayo ardhini, waliiita lithiamu. Wakatuonya kwamba kiasi kinachotibu na kile kinachodhuru vimekaribiana, kwa hiyo damu ipimwe kila mara, anywe maji ya kutosha, asiongeze wala kupunguza mwenyewe. Na ubongo haubadiliki kwa siku moja. Bandubandu huisha gogo.

Fidelis akarudi kuwa Fidelis. Ila kwa dawa ile mikono ikaanza kutetemeka. Wewe fikiri, fundi ambaye hawezi kutunga uzi kwenye sindano! Gauni la harusi aliloahidi likamshinda, akalirudisha kitambaa kitupu. Shemeji mmoja akamwambia hizo ni dawa za vichaa, na kwa kuwa ameshapona aziache. Kaka akaja nyumbani Matogoro kutuambia kwamba anaziacha. Mama alikuwa anapepeta mahindi. Akaweka ungo chini.

"Fidelis," akasema, "mikono ikitetemeka, uzi tutakutungia sisi. Lakini ukigeukia ukuta tena, mimi sina mkono wa kukufikia huko uliko. Nenda kwa daktari ukamweleze. Usiamue peke yako."

Kaka akalia, nasi tukamwacha alie. Kesho yake alikwenda. Daktari akapima damu, akapunguza dawa kidogo, na mtetemo ukapungua, ingawa haukuisha. Magauni ya harusi akayaacha. Akashona sare za shule, kaptula na sketi, na jioni mimi na Adela tulimtungia sindano za kesho huku redio ikiimba. Natamani hata leo kurudi kwenye zile jioni.

Njia haikunyooka kabisa. Tulipomzika mama alishuka tena, lakini safari hii tulizijua dalili, tukamwahisha hospitali. Aliishi akaona wajukuu, na uzee ndio uliomchukua.

Basi mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi ya akili ndiyo watu wanayoyaficha kuliko yote. Huzuni isiyoondoka, au furaha isiyolala, ipeleke hospitali mapema. Usinunue dawa ya ubongo kama mtu anayenunua pipi. Dawa ikikusumbua, kamwambie aliyekupa, usiitupe kimyakimya. Na ukiwa wewe ndiwe mzima nyumbani, usimwachie mgonjwa mzigo wake peke yake.

Mungu akujalie usingizi mtamu na akili tulivu. Na siku utakaposhindwa kujisimamia, akuzungushie watu wasiochoka kukushika mkono.