Migomba ya Baba na Chama Alichokiacha Burundi

Baba yangu alikuwa mtu wa chama ambacho hakipo tena. Kwao Burundi, kabla hatujakimbilia Kasulu, alikuwa mwanachama wa chama cha wakulima wa kahawa, makatekista na wachuuzi, watu wasiopenda papara. Waliamini kwamba cha mtu ni cha mtu, familia hutangulia serikali, na sheria iheshimiwe hata ikiuma. Wanajeshi walikipiga marufuku, baba akabaki nacho moyoni. Huku Tanzania chama kilikuwa kimoja tu, kwa hiyo barazani alinyamaza. Nyumbani alituhubiria mpaka tukachoka.

Miaka ile ya sabini tulihamishwa kutoka mlimani, tukapangwa kwenye kijiji cha nyumba zilizonyooshwa mistari. Baba alihama bila ubishi. Lakini kila alfajiri alipanda mlima kupalilia migomba yake, na wengine wakaanza kumwiga. Ndipo balozi wetu wa nyumba kumi alipoletewa amri: migomba ya mlimani ikatwe, watu wasiwe na cha kurudia.

Asubuhi moja akapanda na vijana wenye mapanga. Pale shambani mama alikuwa ametenga mtungi wa pombe ya ndizi na mirija yake. Kwetu, ukishanywa na mtu mtungi mmoja, huwezi kumharibia shamba siku hiyo. Balozi alilijua hilo, akawakataza vijana kunywa.

"Mwakeye, balozi," baba alimwamkia kwa lugha ya kwetu. "Amri ni amri. Ila cha mtu hukatwa na mwenyewe."

Akaikata migomba yote peke yake. Nilimchukia siku ile, yeye na hiyo sheria yake. Alipomaliza aling'oa machipukizi, akayabeba begani, akaenda kuyapanda nyuma ya nyumba yetu kijijini, ambako amri haikufika. Mama alilia njia nzima.

Misimu ikapita. Shamba la pamoja lilipotoa mahindi ya kubahatisha, sisi tulikula ndizi, na baba hakumnyima jirani mkungu. Mwishowe balozi naye akaja, sauti imemshuka, kuomba chipukizi. Mimi ningempa lililooza. Baba alimchagulia lililonona kuliko yote.

"Nilipande wapi, mzee?" balozi aliuliza.

"Mlangoni kwako," baba akasema. "Anayekuja kulikata akukute."