Bakuli Halirudi Tupu

Jumanne, kwenye duka moja la Dunda, mama mmoja alitua juu ya kaunta bakuli lililojaa nyanya pomoni.

“Shikamoo, dada. Chukua, nakuomba. Bustani imezaa mpaka naiogopa!”

“Marahaba,” alijibu mwenye duka. “Na bakuli lako la juzi hili hapa.” Akalitoa chini ya kaunta, limefunikwa kawa. “Nisingeweza kulirudisha tupu.”

Mama akafunua. Achari ya nyanya.

Mimi, niliyekuwa nasubiri kuhudumiwa, nilicheka mpaka nikashika mlango. Mama akanigeukia, akanisukumia lile bakuli la nyanya kifuani.

“Wewe unayecheka, kwako hamli?”

Tumezila zote, tamu kweli. Sasa bakuli linanitazama hapa mezani, lazima lirudi na kitu. Nimezunguka bustani yangu yote. Kilichoiva ni nyanya tu.