Mapera Niliyoyakana

Nilipoona damu chooni niliogopa kansa, nikaenda hospitali. Daktari, msichana wa rika la mjukuu wangu, alinipa dawa ya kusafisha utumbo na kunikataza kula. Mimi niliyejenga nyumba ya bati kwa kahawa yangu, nipangiwe tumbo na mtoto? Nikala mapera.

“Babu, umekula?”

“Sijagusa kitu.”

Akanipitishia nyuma mpira mwembamba wenye taa na kamera. Kwenye skrini nikauona utumbo wangu mwenyewe, unameta. Akabadili mwanga ukawa wa bluu, na pale nilipoona patupu pakatokea kivimbe kama punje ya kahawa, mishipa yake imejichora. Nikaduwaa. Taa imekikuta kabla hakijaniua.

“Hiki tutakitoa. Ila kwingine sioni.” Akamulika mbegu zilizotapakaa. “Na huu mpera, Babu, umeupanda lini?”